Kuongeza nguvu ya gari: Ufundi unaoanzia kwenye breki, si kwenye turbo

Na Mwandishi Wetu

UKIPITA jioni katika gereji za Mwananyamala, Tandale au Tegeta wilayani Kinondoni, na zile za Tandika, Mtoni au Mbagala wilayani Temeke, si ajabu kukuta gari dogo la Kijapani limefunguliwa boneti, vijana watano au sita wamelizunguka, na mmoja wao akipiga resi ili wenzake wasikilize mlio wa injini. Gari hilo si bovu. Ni zima, ila mwenyewe anataka likimbie kuliko lilivyotoka kiwandani.

Kazi hiyo, ambayo vijana wenyewe huiita "kutyuni", imekua pamoja na biashara ya magari yaliyotumika Japani, ambayo yalianza kuingia kwa wingi kupitia bandari ya Dar es Salaam baada ya masharti ya biashara kulegezwa katika miaka ya 1980 na 1990. Gari likishaingia, injini yake ya akiba, giaboksi na hata turbo hupatikana Gerezani na katika maduka mengine ya spea za mtumba jijini. Vifaa, kwa hiyo, si tatizo kubwa. Tatizo ni elimu.

Wapo mafundi wanaoifahamu kazi hii vizuri. Lakini wapo pia vijana wengi walioanza na turbo kabla ya kujua kupima mgandamizo wa silinda, na matokeo yake ni injini kunoki ndani ya mwezi mmoja, deni kwa mteja, na wakati mwingine msiba barabarani. Makala haya yanaeleza kazi yenyewe ni nini, inajifunzwa kwa mpangilio gani, na mwenye gari anapaswa kuuliza nini kabla ya kutoa fedha zake.

Ushindi uliotoka Dar es Salaam

Ufundi wa kuandaa magari ya mbio si jambo geni katika Afrika Mashariki. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, yakipita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika. Mashindano hayo ndiyo yaliyokuja kujulikana duniani kote kwa jina la Safari Rally.

Mwaka 1966 na tena mwaka 1967, washindi walikuwa Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, na msoma ramani wake Chris Rothwell. Gari lao lilikuwa Peugeot 404, aina iliyokuwa ikionekana kila siku katika barabara zetu kama gari la familia na teksi. Injini yake haikufika lita 1.7, na nguvu yake ilikuwa chini ya farasi 100, kiasi ambacho leo kijana wa mjini angekicheka.

Siri ya ushindi wa namna hiyo inaonekana katika hesabu za mashindano yenyewe. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba tu. Mwaka 1968 yalianza 93, na waliofika mwisho wakawa saba tena. Mengi ya magari yaliyobaki porini hayakukosa nguvu. Yalivunjika springi, yalipasua rejeta, yalizama matopeni au yaliishiwa breki.

Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu. Ushindi wake wa kwanza aliupata kwa Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imetumika. Wakongwe hao walikuwa na utaratibu mmoja: kwanza gari lidumu, pili lisimame na kukata kona, tatu ndipo liongezewe nguvu. Kijana anayejifunza leo hana utaratibu bora kuliko huo.

Injini ni pampu ya hewa

Anayetaka kuongeza nguvu ya gari hana budi kwanza kufahamu nguvu inatoka wapi. Wengi hudhani inatoka kwenye petroli. Ukweli ni kwamba petroli ni rahisi kuiongeza. Kilicho kigumu kuongeza ni hewa. Ili kilo moja ya petroli iungue kikamilifu, zinahitajika takriban kilo 14.7 za hewa. Injini isipopata hewa hiyo, petroli ya ziada hutoka kama moshi mweusi na kuosha oili kwenye kuta za silinda.

Kwa hiyo njia za kuongeza nguvu ni tatu tu. Ya kwanza ni kutumia injini kubwa zaidi, yaani yenye ujazo mkubwa wa silinda. Ya pili ni kuifanya injini izunguke kwa kasi zaidi, ili ivute hewa mara nyingi zaidi kwa dakika. Ya tatu ni kuisukumia hewa kwa nguvu, na hiyo ndiyo kazi ya turbo. Turbo ikisukuma kwa kiwango cha bar moja juu ya hewa ya kawaida, kinadharia hewa inayoingia huwa maradufu.

Hapa ndipo hali ya hewa ya Dar es Salaam inapoingia katika hesabu. Hewa yenye joto ni nyepesi. Katika siku yenye nyuzi joto 33, injini hupata hewa pungufu kwa takriban asilimia 6 ikilinganishwa na siku yenye nyuzi 15. Ndiyo maana chujio la hewa la wazi, lile la umbo la pia ambalo vijana hulipenda kwa mlio wake, mara nyingi hupunguza nguvu badala ya kuiongeza: linavuta hewa ya moto iliyokwisha kupikwa na rejeta na bomba la moshi. Boksi la chujio la kiwandani, linalovuta hewa kutoka nje ya chumba cha injini, huwa bora kuliko pambo hilo.

Vivyo hivyo kwa bomba la moshi. Bomba linalopiga kelele si lazima liwe linapitisha moshi vizuri. Kelele ni kelele, na nguvu hupimwa kwa kipimo.

Mfano wa Mark II

Tuchukue mfano unaojulikana na kila fundi wa mjini. Mteja analeta Toyota Mark II aina ya GX100, yenye injini ya 1G-FE ya lita 2. Injini hiyo ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu za farasi 140 hadi 160 kutegemea mwaka. Mteja anataka iondolewe, iwekwe 1JZ-GTE ya lita 2.5 yenye turbo, iliyotangazwa na kiwanda kuwa na nguvu za farasi 280.

Kwa macho, kazi hiyo ni nyepesi, kwani Toyota yenyewe iliuza bodi hiyohiyo ikiwa na injini hiyo ya turbo. Namba 280 nayo ina historia yake. Tangu mwaka 1989 hadi mwaka 2004, watengenezaji wa magari wa Japani walikuwa na makubaliano ya kutotangaza nguvu inayozidi farasi 280 kwa magari ya abiria, kwa hiyo baadhi ya injini zina uwezo mkubwa kuliko karatasi zinavyosema.

Lakini fundi aliyesoma atauliza maswali ambayo kijana mwenye pupa hayaulizi. Je, breki za GX100 ni zile za gari la turbo? Hapana, ni ndogo zaidi. Je, rejeta inatosha? Je, giaboksi, shafti na difu vitahimili? Pampu ya mafuta inaweza kupeleka petroli ya kutosha? Wayaringi na kompyuta ya injini mpya vimekuja kamili, au vimekatwa kwa kisu huko vilikotoka? Maswali hayo yakikosa majibu, mteja atakuwa amenunua gari lenye nguvu karibu maradufu, lakini lenye uwezo uleule wa kusimama.

Hatua ya kwanza: Kupima afya ya injini

Mwanafunzi wa kazi hii aanze kwa kupima, na vifaa vya kuanzia si vingi. Geji ya mgandamizo, geji ya msukumo wa petroli, mita ya umeme, kifaa cha kusoma makosa kwenye kompyuta ya gari, na spana ya kupimia ukazaji wa nati vinatosha kumtofautisha na fundi wa kubahatisha.

Kipimo cha mgandamizo hufanyika injini ikiwa na joto lake la kawaida, plagi zote zikiwa zimetolewa, betri imejaa chaji na mkondo wa hewa ukiwa wazi kabisa. Injini nyingi za petroli zilizo nzima husoma kati ya kilo 10 na 13 kwa sentimita mraba, na tofauti kati ya silinda moja na nyingine isizidi kilo moja. Silinda ikisoma chini, dondoshea oili kidogo ndani yake kisha upime tena. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Kisipopanda, tatizo lipo kwenye valvu au gasketi ya silinda hedi.

Injini iliyoshindwa kipimo hicho haiongezewi nguvu. Inafunguliwa na kutengenezwa, au inaachwa kama ilivyo. Kuisukumia hewa ya turbo injini yenye ringi zilizochoka ni sawa na kupandisha mzigo wa tani kumi kwenye daraja lililoliwa na mchwa.

Mwanafunzi ajifunze pia kusoma plagi. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu inaonyesha mwako mzuri. Nyeusi yenye masizi huonyesha petroli nyingi kupita kiasi. Nyeupe kama chokaa ni dalili ya hatari: mchanganyiko una petroli pungufu au joto limezidi, na pistoni iko njiani kutoboka.

Suala la kupoza injini linahitaji mkazo wa pekee jijini Dar es Salaam. Upo mtindo uliozoeleka wa kuondoa themostati eti kwa sababu nchi yetu ni ya joto. Themostati hufunguka yenyewe maji yanapofika joto lililokusudiwa, ambalo kwa injini nyingi ni kati ya nyuzi 76 na 90. Ikiondolewa, injini huchelewa kupata joto lake, kompyuta hudhani bado ni baridi, nayo huongeza petroli bila sababu. Hali kadhalika, maji ya kisima yenye chumvi hula rejeta na pampu. Dawa ya kupozea iliyochanganywa ipasavyo, pamoja na mfuniko wa rejeta ulio mzima, huwezesha maji yasichemke hadi kufikia takriban nyuzi 120. Mfuniko huo ni wa bei ndogo, lakini umeokoa injini nyingi.

Hatua ya pili: Breki, matairi na shokapu

Mwendo wa gari ukiongezeka mara mbili, nguvu inayopaswa kuzimwa na breki huongezeka mara nne. Hiyo ni kanuni ya fizikia, haina mjadala. Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa, kwenye lami kavu na breki nzuri, huhitaji takriban mita 14 kusimama tangu breki zinaposhika. Kwa kilometa 100 kwa saa, huhitaji takriban mita 55. Ongeza sekunde moja ya dereva kushtuka na kukanyaga breki, ambayo kwa mwendo huo wa pili ni mita 28 nyingine. Jumla ni mita 83. Yeyote anayejua namna watoto wanavyovuka Barabara ya Kilwa pale Mbagala, au Barabara ya Bagamoyo kule Tegeta, ataelewa maana ya mita hizo.

Kwa sababu hiyo, fedha ya kwanza ya kuboresha gari iende kwenye breki: diski zisizopinda, pedi za ubora unaojulikana, mipira ya breki isiyovimba na mafuta mapya ya breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 huchemka yakifika angalau nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu huweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka, dereva hukanyaga pedali ikazama hadi chini, na gari halisimami. DOT 4 huanzia nyuzi 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na unyevu.

Matairi nayo yasomwe kabla ya kununuliwa, hasa ya mtumba. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ipo pia herufi ya mwendo wa juu unaoruhusiwa: S ni kilometa 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210 na V ni 240. Tairi lenye kashata nzuri lakini lililokaa miaka kumi juani si tairi la gari la mbio, na hata kwa gari la kawaida ni hatari.

Kuhusu springi, mtindo wa kuzikata kwa msumeno au kuzilegeza kwa moto wa gesi ili gari lishuke ni kosa kubwa. Springi iliyochomwa hupoteza ugumu wake, na iliyokatwa huweza kuchomoka kwenye kiti chake gari likiruka tuta. Kama gari lazima lishushwe, zitafutwe springi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo pamoja na shokapu zinazolingana nazo.

Hatua ya tatu: Hewa, petroli na moto

Baada ya afya na breki, ndipo fundi anaingia kwenye kazi inayoitwa hasa kutyuni. Kiini chake ni kulinganisha vitu vitatu: hewa inayoingia, petroli inayonyunyizwa na wakati plagi inapotoa cheche. Kwa nguvu ya juu kabisa, injini isiyo na turbo huhitaji takriban kilo 12.5 hadi 13 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Yenye turbo huhitaji petroli nyingi zaidi kidogo, yaani takriban kilo 11.5 hadi 12 za hewa, kwa kuwa petroli ya ziada husaidia kupoza pistoni na valvu.

Kipimo hicho hakisikiki kwa sikio wala hakionekani kwa rangi ya moshi. Huhitaji sensa maalumu ya oksijeni inayofungwa kwenye bomba la moshi. Fundi anayetangaza kutyuni magari ya turbo bila kuwa na sensa hiyo anacheza bahati nasibu kwa fedha ya mteja.

Upande wa cheche, kuwahisha taimingi huongeza nguvu hadi kufikia kikomo fulani. Ukipita kikomo hicho, petroli hulipuka kwa mkupuo badala ya kuungua kwa mpangilio, na injini hutoa mlio wa kugonga kama kokoto ndani ya kopo. Mlio huo ni pistoni ikipigwa nyundo. Ukisikika gari likiwa katika mzigo mkubwa, dereva aachie mafuta mara moja.

Ubora wa petroli una sehemu kubwa katika jambo hili. Injini nyingi za turbo za Kijapani zilikusudiwa kutumia petroli ya daraja la juu inayouzwa Japani, yenye okteni inayokaribia 100. Petroli yenye okteni ndogo hugonga mapema, na iliyochanganywa na mafuta ya taa hugonga mapema zaidi. Wasomaji watakumbuka jinsi neno uchakachuaji lilivyotawala habari za nchi yetu hadi Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilipoanzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na serikali ilipopandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011. Funzo kwa fundi ni kwamba mipangilio aliyoichukua kutoka Japani au Ulaya haiwezi kuhamishiwa Temeke bila kupunguzwa ukali kulingana na petroli anayoitumia mteja.

Wengine huondoa masega kwenye bomba la moshi, ama kwa kuamini nguvu itaongezeka sana au kwa sababu yana soko. Masega yaliyoziba huzuia injini kupumua, ni kweli, lakini yaliyo mazima hupunguza nguvu kidogo tu, na kuyaondoa huongeza sumu katika hewa tunayoivuta sote.

Hatua ya nne: Turbo na kompyuta

Turbo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, na mzunguko wake huzidi mara 100,000 kwa dakika. Beringi zake huishi kwa oili safi tu. Anayenunua turbo ya mtumba ashike shafti yake na kuitikisa. Ikigusa nyumba yake au ikiwa na oili iliyovuja upande wa hewa, aiache hapohapo dukani. Aidha, hewa iliyogandamizwa hupata joto, hivyo ni lazima ipitie kwenye kipozeo kabla ya kuingia kwenye injini.

Kompyuta ya gari ndiyo inayoamua petroli kiasi gani na cheche saa ngapi. Kuidanganya kwa kuongeza vifaa visivyopimwa ni njia ya mkato yenye gharama. Njia sahihi ni kuipangia upya au kuweka nyingine inayoweza kupangwa, kisha kupima kwa mashine inayolizungusha gari kwenye magurudumu ya chuma likiwa limesimama. Pasipo mashine hiyo, kazi ifanyike polepole, kwa msukumo mdogo wa turbo, huku vipimo vikisomwa na kuandikwa.

Daftari ni chombo cha kazi

Katika vifaa vyote vya fundi, daftari ndilo la bei ndogo kuliko vyote, na ndilo linalokosekana zaidi. Kanuni yake ni fupi: badilisha kitu kimoja, pima, andika. Anayebadilisha plagi, chujio na taimingi kwa siku moja, gari likachangamka, hajui ni kipi kilichosaidia. Na gari likiharibika, hajui arudi wapi.

Daftari hilo pia ndilo linalomgeuza kijana aliyeanza kama saidia fundi kuwa fundi anayeweza kufundisha wengine. Vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa kwa Kiingereza na Kijapani. Kijana aliyeandika kwa Kiswahili chake vipimo vya magari mia moja aliyoyashika ana kitabu ambacho hakiuzwi dukani.

Wapi pa kujifunza

Msingi wa umekanika wa magari unafundishwa katika vyuo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Kwa wakazi wa Temeke, chuo cha VETA kipo Chang'ombe. Wanaotaka kwenda mbali zaidi wanaweza kusoma katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) au Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kilichopo Mabibo.

Kwa vijana waliojifunzia chini ya mwembe, wale wanaoitwa spana mkononi, VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi hupimwa kwa vitendo, hurekebishwa pale palipopungua na kupewa cheti. Cheti si ufundi, lakini humsaidia fundi kuaminiwa na kampuni, na humwonyesha mapengo ambayo mwalimu wake wa gereji hakuyajua.

Pamoja na vyuo hivyo, hakuna kinachochukua nafasi ya kukaa na fundi mwaminifu. Dalili za fundi wa namna hiyo ni rahisi kuzitambua: hupima kabla ya kufungua, huonyesha spea iliyotolewa, hukaza nati za silinda hedi kuanzia katikati kwenda nje kwa vipimo vya kiwanda, na huthubutu kumwambia mteja "gari hili haliko tayari".

Sheria, bima na mahali pa kujaribia

Injini ikibadilishwa, namba na ujazo wake havitalingana tena na kadi ya gari. Mwenye gari anapaswa kupeleka mabadiliko hayo Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ili kumbukumbu zirekebishwe. Asipofanya hivyo, atapata taabu siku ya kuuza gari au siku ya kukaguliwa. Kampuni ya bima nayo iarifiwe, kwani gari lililobadilishwa kimyakimya linaweza kuleta mzozo wakati wa kudai fidia.

Mwendo wa juu katika maeneo ya makazi ni kilometa 50 kwa saa, na kushindana mbio katika barabara ya umma bila kibali ni kosa la jinai. Hakuna fundi anayepaswa kujaribia gari la farasi 280 usiku katika barabara ambayo mama ntilie anaivuka akirudi nyumbani. Wanaotaka kushindana waingie katika mchezo rasmi wa mbio za magari, ambao kimataifa husimamiwa na shirikisho la FIA, na ambao kwa hapa nchini Automobile Association of Tanzania (AAT) ni mwanachama wake. Huko gari hukaguliwa, dereva huvaa kofia ngumu na kukaa ndani ya fremu ya mabomba ya chuma, na barabara hufungwa.

Safari Rally yenyewe ilirejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, Kenya, baada ya kukosekana tangu mwaka 2002. Vijana wa Tandika na Mwananyamala wanaopenda magari wana mahali pa kuelekeza macho yao.

Kwa mwenye gari anayefikiria kuongeza nguvu, maswali ya kumwuliza fundi ni manne. Umepima mgandamizo, na umesoma ngapi? Breki zitabadilishwa kabla au baada? Utapimaje petroli na hewa? Na yameandikwa wapi? Fundi akijibu yote bila kusitasita, mpe kazi. Akikujibu kwa kupiga resi, chukua ufunguo wako. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.